SAFARI YA UKARA: JE, TUFUNGE SOLA NYUMBANI?



Katika vijiji vyetu siku hizi liko swali moja lisilokosa kusikika baada ya Misa ya Jumapili. Watu wamesimama chini ya mti, na mmoja anamwuliza mwenziwe: "Je, wewe umeshafunga sola?" Huyu anajibu kwamba amefunga naye anaona raha. Yule anasema alifunga, walakini taa zilizimika kabla ya mwaka kwisha, na sasa paneli iko juu ya bati kama pambo tu. Wa tatu anasema yeye anangoja nguzo za serikali. Basi kila mmoja anakwenda kwake, na yule aliyeuliza hakupata jibu.

Leo nataka kuwasimulieni safari yangu ya visiwa vya Ukerewe na Ukara, katika Ziwa Victoria. Huko nililikuta swali hilo limekaa mezani pa familia moja, nalo lilikuwa zito, maana kwa upande mmoja walikuwa na masomo ya binti yao, na kwa upande wa pili chakula cha nyumba nzima. Huenda nawe, ndugu msomaji, uko katika njia panda kama yao.

NJIA YA KWENDA

Mtu akitoka Mwanza kwenda Ukerewe ana njia mbili. Ya kwanza ni kupanda meli bandarini Mwanza na kushuka Nansio, makao makuu ya wilaya. Ya pili ni kwenda kwa gari kupita Magu hadi Bunda, kisha kuiacha barabara kuu na kushika ile ya Kisorya, na hapo kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Mimi nilishika hii ya pili, nipate kuona nchi.

Ulikuwa mwezi wa saba, nchi imekauka, pamba imekwisha kuchumwa mashambani. Kila tulipopita kijiji niliinua macho kutazama mapaa. Juu ya mabati mengi paneli zinang'aa. Nyumba nyingine nguzo ya umeme imesimama mlangoni kabisa, walakini paneli bado iko juu. Nikamwuliza mzee tuliyeketi pamoja garini sababu yake. Akanijibu: "Umeme wa nguzo hukatika, jua halikatiki." Mama mmoja aliyekaa nyuma yetu akacheka, akasema: "Mzee wangu, jua nalo hukatika kila siku jioni!" Gari zima likacheka.

Lakini yule mama alisema neno la kweli. Paneli hufanya kazi mchana, nasi twahitaji taa usiku. Kati ya mchana na usiku kuna betri, na habari ya sola nyumbani, kwa sehemu kubwa, ni habari ya betri. Alikumbuke neno hilo kila mtu anayetaka kufunga sola.

UKEREWE

Ukerewe ni kisiwa kizuri. Kuna mawe makubwa yaliyobebana kana kwamba mtu ameyapanga, kuna miembe na michungwa, kuna mashamba ya muhogo na viazi vitamu hadi ukingoni mwa maji. Watu wake ni Wakerewe, Wajita, Wakara na wengineo, nao ni wakarimu. Kwa upande wa Kanisa, visiwa hivi vimo katika Jimbo la Bunda, lililoundwa mwaka 2010.

Nilipita Kagunguli, misheni ya zamani. Hapo ndipo alipoishi Mzee Aniceti Kitereza, Mkatoliki aliyeitumikia misheni, ambaye mwaka 1945 alimaliza kukiandika kwa Kikerewe kile kitabu chake kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kwa Kiswahili kilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981.

Usiku wa kwanza nililala karibu na pwani. Palikuwa hakuna mwezi. Nikatoka nje, na tazama, ziwa lote limejaa taa, kama mji mkubwa uliojengwa juu ya maji. Ndio wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo huvuliwa wakati wa giza la mwezi. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haufai kitu, na wavuvi hukaa nyumbani kushona nyavu.

Zamani taa hizo zilikuwa za karabai, zikinywa mafuta ya taa usiku kucha. Siku hizi wavuvi wengi wanatumia taa za betri, nazo hujazwa chaji mchana, wengine kwa umeme wa nguzo, wengine kwa sola. Kijana mmoja mvuvi alinionyesha betri yake, imefungwa ndani ya sanduku la mbao, imefunikwa turubai. Nikamwuliza kwa nini anaitunza namna hiyo. Akasema: "Taa ikifa nanunua nyingine kesho. Betri ikifa, giza lote la mwezi huu limenipita." Huyo hakusoma shule ya ufundi, lakini ameelewa kuliko wengi wetu.

UKARA

Kutoka Bugolora, upande wa kaskazini, tulivuka kwenda Ukara. Tulipokaribia gati ya Bwisya abiria wote walinyamaza, na wengine wakafanya ishara ya msalaba. Ndipo mahali ambapo tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka, pwani ikionekana kwa macho, na watu zaidi ya 220 wakafa. Nanyi, wasomaji, mkifika hapa someni sala moja ya Raha ya Milele kwa ajili yao.

Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi sana. Hakuna ardhi ya kupoteza. Kwa sababu hiyo Wakara tangu zamani walijifunza kulima kwa akili ambayo hata mabwana shamba wa wakati wa ukoloni waliisifu. Ng'ombe hawakuachwa kutangatanga. Walifungwa nyumbani, wakakatiwa majani na kuletewa, na samadi yao ikakusanywa na kubebwa kichwani hadi shambani. Walipanda uwele, na katikati yake marejea ya kurutubisha ardhi, kisha njugu mawe. Ndivyo ardhi ile ile ilivyolisha vizazi na vizazi bila kuchoka. Kwa hiyo Mkara akitazama ng'ombe haoni maziwa na nyama tu. Anaona na shamba.

Kisiwa hiki kina jambo jingine la kutazama. Tangu mwaka 2016 hapo Bwisya kuna kituo cha umeme wa jua: paneli nyingi zimepangwa kwa mistari, pamoja na betri na jenereta ya dizeli ya kusaidia, na umeme wake unapelekwa kwa nyaya hadi nyumbani na madukani. Kwa hiyo mwanakijiji wa Ukara anaweza kulichagua jua kwa njia mbili, kulinunua kwa waya au kulifunga juu ya bati lake mwenyewe.

KIKAO CHA FAMILIA

Mwenyeji wangu alikuwa shemeji, ndugu wa mke wangu. Ni katekista wa kigango, tena mvuvi wa dagaa na mkulima. Nyumba yake ya bati iko mbali na nguzo ya mwisho. Humo wanaishi yeye na mkewe, baba yake mzee, na watoto watano, na binti wa kwanza yuko kidato cha pili, mwaka wa mtihani. Usiku binti huyo alisoma kwa tochi aliyoishikilia kwa mkono wa kushoto, huku akiandika kwa mkono wa kulia.

Siku ya pili, baada ya ugali wa muhogo na sato, shemeji alinieleza jambo. Alikuwa amekuja mchuuzi mmoja mwenye pikipiki akiuza sola: paneli, betri, taa sita, na televisheni. Malipo ya kwanza shilingi 100,000, na baadaye shilingi 1,500 kila siku kwa muda wa miaka miwili, kwa njia ya simu. Shemeji aliazimia kumwuza mtamba wake, apate malipo ya kwanza na ya miezi ya mwanzo. Mengine yatalipwa na dagaa.

"Shemeji," akaniambia, "wewe ni karani wa parokia na chuo cha ualimu umepita. Nipigie hesabu, nione kama nimefikiri vyema."

Mkewe alikuwa akisikiliza. Akasema kwa upole: "Baba, sikatai taa, mtoto anaumia macho. Ila mtamba akienda, samadi ya mwaka ujao itatoka wapi?" Mzee akaongeza: "Taa ni njema, mwanangu. Lakini taa haisongwi ugali." Binti aliinamisha kichwa asiseme neno, maana alijua habari hii yote imeanzia kwake.

Basi tukachukua daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

HESABU YA KWANZA: TUNAHITAJI NINI?

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Paneli ni bei gani?" Huko ni kuanzia mwisho. Swali la kwanza ni hili: usiku mmoja nyumba yetu inakula umeme kiasi gani?

Hesabu yake si ngumu. Kila kifaa kimeandikwa wati zake. Zidisha wati kwa saa za kutumia, utapata wati-saa. Tuliandika hivi: taa 4 za wati 5 (sebuleni, chumba cha watoto, jikoni, na nje karibu na zizi), kila moja saa 5, jumla wati-saa 100. Simu 3, kila moja kama wati-saa 10, jumla 30. Redio ya wati 5 kwa saa 4, jumla 20. Zote pamoja ni wati-saa 150 kwa siku.

Kisha tukaandika televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 4: peke yake ni wati-saa 120. Tazama ajabu hiyo! Televisheni moja inakula kuliko taa zote nne, na jumla inapanda hadi 270. Jokofu dogo la kawaida laweza kula wati-saa 500 hadi 1,000 kwa siku. Na pasi, birika na jiko la umeme, hivyo visitajwe kabisa katika sola ndogo, maana pasi moja ina wati 1,000 au zaidi.

Sasa paneli. Jua huwaka mchana kutwa, lakini asubuhi na jioni ni hafifu; kwa paneli, siku moja ni sawa na saa 4 au 5 tu za jua kali kamili. Tena umeme fulani hupotea katika betri, nyaya na joto, karibu theluthi moja. Kwa hiyo ili kupata wati-saa 150 za kutumia, yafaa paneli itoe kama 215. Ukigawanya kwa saa 4, unapata wati 54. Basi paneli ya wati 60 yatosha. Pamoja na televisheni ingehitajika ya wati 100.

Na betri? Hesabia siku mbili, kwa sababu kuna siku za mawingu: 150 mara mbili ni 300. Betri ya risasi na asidi haipendi kumalizwa. Ukiitumia kupita nusu kila usiku itakufa upesi. Kwa hiyo nunua mara mbili ya unachohitaji, yaani wati-saa 600. Gawanya kwa volti 12, unapata 50. Ndiyo betri ya ampea-saa 50. Betri za lithiamu huvumilia kutumiwa hadi sehemu nne kwa tano, na hudumu miaka mingi zaidi, walakini bei yake ya kununulia ni kubwa.

Hapo tulielewa kwa nini sola za watu wengi hufa. Mtu hufunga ya taa nne. Mwezi ujao anaongeza televisheni, kisha redio kubwa, kisha anachaji simu za majirani. Paneli ni ile ile, betri ni ile ile. Kila usiku betri inamalizwa hadi chini, na haijai tena. Baada ya miezi michache watu husema, "Sola haifai." Lakini hata punda hodari akitwikwa mizigo ya punda watatu ataanguka.

HESABU YA PILI: FEDHA

Mpango wa mchuuzi tuliupiga hesabu ubaoni, kwa chaki, ili wote waone. Shilingi 1,500 kwa siku 730 ni shilingi 1,095,000. Ongeza malipo ya kwanza 100,000, jumla ni 1,195,000. Mzee alipiga mluzi. Shilingi 1,500 ilikuwa imeonekana ndogo, lakini bandu bandu huisha gogo.

Sikusema kwamba kulipa kidogo kidogo ni vibaya. Kumewasaidia wengi wasio na fedha kwa mkupuo mmoja, na muuzaji mwema hutengeneza kifaa kikiharibika kabla deni halijakwisha. Walakini yakupasa kuuliza mambo matatu. Jumla ya malipo yote ni kiasi gani? Kifaa kikiharibika, nani atatengeneza, na kwa siku ngapi? Na nisipolipa siku moja, je, taa zitazimwa?

Swali hili la tatu ndilo lililomgusa shemeji. Mitambo mingi ya namna hii hujifunga yenyewe usipolipa. Nikamwuliza: "Shemeji, dagaa unavua kila siku?" Akatikisa kichwa. Fedha yake huja wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mfuko nao ni mtupu. Deni la kila siku halitazami mwezi. Nusu ya mwezi angekuwa na televisheni iliyofungwa na taa zilizozimika, na mtamba ameshakwenda. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Kisha tukahesabu wanachotumia sasa. Simu 3 huchajiwa dukani mara 3 kwa juma, kila mara shilingi 300. Hizo ni 2,700. Betri za tochi shilingi 2,000. Jumla 4,700 kwa juma, na kwa mwaka wa majuma 52 ni shilingi 244,400. Hakuna hata mmoja aliyedhani kwamba giza lina bei kubwa namna hiyo! Shemeji aliuliza Nansio bei ya sola ndogo tuliyoihesabu, pamoja na kontrola, nyaya, taa na ujira wa fundi, akaambiwa shilingi 420,000. Maana yake, fedha ya chaji na tochi italipa sola hiyo kwa muda wa kama miezi 21.

Lakini hesabu haikomi hapo, na hili wauzaji hawalisemi. Paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi, betri ya risasi hudumu miaka michache tu. Kwa hiyo nyumba yenye sola sharti iwe na kopo la betri. Wakitia shilingi 1,500 kila juma, kwa miaka mitatu watakuwa na shilingi 234,000, nao watanunua betri mpya bila kukopa. Asiye na kopo hilo amenunua mwanga wa miaka mitatu tu.

JUA AU NGUZO?

Wasomaji wengine mnaishi mahali ambapo nguzo zimekaribia. Kwenu ushauri ni mwingine. Tangu sheria ya mwaka 2005 iliyoanzisha Wakala wa Nishati Vijijini, nyaya zimefika vijiji vingi sana vya Tanzania, na ada ya kuunganishiwa vijijini iliwekwa kuwa shilingi 27,000. Katika bei za umeme zilizotangazwa mwaka 2016, nyumba isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi ililipa shilingi 100 kwa yuniti. Yuniti moja ni wati-saa 1,000, yaani zile taa, simu na redio za shemeji kwa siku sita na nusu. Hakuna betri itakayoshindana na bei hiyo.

Basi nenda ofisi ya kijiji, uliza kama kitongoji chako kimo katika mpango, na lini. Kumbuka pia gharama ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba, maana mara nyingi hiyo ndiyo kubwa. Ukitaka mashine ya kusaga, kuchomelea vyuma au kugandisha samaki, nguzo ndiyo njia, ama kituo kama kile cha Bwisya. Ukitaka taa, simu na redio, nawe uko mbali na nyaya, sola ndogo ni rafiki mwema. Tena nyaya zikija baadaye haitapotea bure, kwani umeme ukikatika itawaka.

VIFAA NA FUNDI

Madukani kuna vitu vizuri na vitu vya udanganyifu. Ili kupima paneli, jua jambo hili: jua kali hutoa kama wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri hukamata kama sehemu moja ya tano. Kwa hiyo paneli ya wati 100 haina budi kufikia karibu nusu mita ya mraba. Ukionyeshwa iliyoandikwa wati 100 nayo ni ndogo kama sinia, iache. Tazama alama ya ubora ya TBS, dai risiti, dai hati ya dhamana. Usinunue betri ya gari kwa kazi hii. Hiyo imeundwa kuwasha injini kwa nguvu ya mara moja, wala si kutumika polepole usiku kucha.

Paneli ifungwe mahali pasipo kivuli. Tawi moja la mwembe likifunika kona tu, umeme hupungua sana. Ukara iko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli hulazwa karibu tambarare, imeinama kidogo upande wa kaskazini, ili mvua ioshe vumbi. Ifute mara kwa mara kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla haijapata moto. Nyaya ziwe nene na fupi, maana waya mwembamba mrefu hula umeme njiani. Kontrola isikosekane kamwe. Ndiyo inayozuia betri kujazwa kupita kiasi au kumalizwa. Na kwa kuwa nchi za ziwa hili zina radi nyingi, fundi asiondoke kabla ya kufunga waya wa ardhi.

Betri isiwekwe chumba cha kulala. Ina asidi inayounguza macho, na ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kushika moto. Iweke juu ya mbao, mahali penye hewa, mbali na watoto. Ya maji iongezwe maji ya betri tu, si ya kisimani. Ikifa, usiivunje nyumbani wala kuitupa ziwani, kwa sababu risasi ni sumu. Irudishe kwa mnunuzi wa betri kuukuu.

WALIVYOAMUA

Jioni ile shemeji alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema mbele ya wote: "Mtamba atabaki." Mkewe alishukuru Mungu. Wakapanga hivi. Kwanza, kesho yake wakanunua taa moja ndogo ya mkononi, yenye paneli yake, kwa ajili ya binti, ili mtihani usingoje mipango ya wakubwa. Pili, fedha ya giza mbili zijazo, pamoja na bei ya mbuzi wawili, iwekwe kando kwa sola ndogo ya wati 60. Tatu, kontrola inunuliwe kubwa kidogo, ili siku za mbele waweze kuongeza paneli ya pili. Nne, kopo la betri lishikwe na mama. Televisheni ingoje.

Miezi mitano baadaye alinipigia simu. Fundi alikuwa amemaliza kazi, taa nne zinawaka, na rozari ya jioni sasa wanasali wakionana nyuso. Mtamba naye ana mimba.

NENO LA MWISHO

Bwana wetu katika Injili ya Luka, sura ya 14, anasimulia habari ya mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa na watu kwa kuanza bila kumaliza. Na katika Matayo, sura ya 25, wanawali wote kumi walikuwa na taa; waliotofautiana ni wenye akiba ya mafuta na wasio nayo. Sisi wa siku hizi tunaweza kusema: wote wana paneli, wachache wana kopo la betri.

Kanisa halikatai jua, maana ni zawadi ya Mungu kwa tajiri na maskini. Mwaka 2008 huko Vatikano ziliwekwa paneli zaidi ya 2,000 juu ya ukumbi wa Papa Paulo VI, na mwaka 2015 Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si', aliwahimiza watu wote kutumia nguvu zisizochafua dunia. Lakini zawadi nayo hupokelewa kwa akili.

Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo keti na mwenzi wako, waite na watoto wenye kujua hesabu. Andikeni taa, simu na redio. Andikeni mnachotumia kila juma kwa giza. Ulizeni habari za nguzo. Kisha muulizane swali alilouliza mke wa shemeji yangu: kitu tunachotaka kukiuza, kesho kitatulisha au hakitatulisha? Mkishajibu hayo, nendeni dukani bila hofu, mnunue kidogo kilicho kizuri, nanyi mtakiongeza Mungu akijalia.

Nawatakieni nyumba zenye mwanga na zisizo na deni.